Senti za Chuma za Mwaka 1943 na Namna ya Kumpokea Mkusanyaji Mpya wa Sarafu

Mtu anayeanza kukusanya sarafu aghalabu huanza na swali la bei, na ni sarafu chache zinazochochea swali hilo kama senti moja ya Marekani ya mwaka 1943. Ni kisarafu chepesi cha rangi ya kijivu, chenye sura ya Abraham Lincoln upande mmoja na masuke mawili ya ngano upande wa pili, nacho kimezungukwa na habari zinazogongana: huyu amesikia kwamba kinaweza kununua nyumba, yule ameambiwa kwamba hakifiki hata dola moja. Kila mmoja ana ukweli wake, ila hawazungumzii kitu kimoja. Senti ya kawaida ya mwaka huo ni ya chuma na ni rahisi kuipata, ilhali senti ya shaba yenye mwaka huohuo ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa sana duniani. Na mwaka uliofuata mambo yaligeuka, shaba ikawa ndiyo ya kawaida na chuma kikawa adimu. Anayeelewa kwa nini ilikuwa hivyo amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya kazi ya ukusanyaji.

Kabla ya vita, senti ya Marekani ilikuwa na asilimia 95 ya shaba, na sehemu iliyobaki ilikuwa bati na zinki. Uzito wake ulikuwa gramu 3.11. Japani iliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 na Marekani ikaingia vitani, madini hayo yote yaligeuka kuwa silaha. Bati ndilo lililoadimika kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya bati la dunia ilitoka Malaya, nayo Malaya ilikuwa mikononi mwa Wajapani kabla ya robo ya kwanza ya mwaka 1942 kwisha. Ndiyo maana katika mwaka huo bati lilipunguzwa mno ndani ya senti. Kisha ikaja zamu ya shaba yenyewe, iliyohitajika kwa maganda ya risasi na mizinga, nyaya za simu na za redio, na vifaa vya meli. Senti moja haina shaba ya maana, lakini senti hazichapwi moja moja: ukipiga hesabu ya senti zilizotolewa mwaka 1943 pekee, kama zingekuwa za shaba zingemeza zaidi ya tani 3,000 za madini hayo.

Chuma hakikuwa wazo la kwanza wala la pekee. Katika mwaka 1942 kampuni kadhaa binafsi zilipewa kazi ya kujaribu kutengeneza senti kwa plastiki ngumu za aina mbalimbali, na kampuni moja ya Kingsport, katika jimbo la Tennessee, ikajaribu kwa kioo. Mihuri waliyopewa, yaani vyuma vya kugongea picha kwenye sarafu, haikuwa na sura ya Lincoln. Ilikuwa na kichwa cha mwanamke anayewakilisha uhuru, kilichochukuliwa kutoka sarafu ya Kolombia, pengine kwa busara ya kutotaka vipande vya majaribio vifanane na fedha halali. Senti moja ya kioo iliyosalia kutoka katika majaribio hayo iliuzwa mnadani mwaka 2017 kwa dola 70,500. Hatimaye chuma kilichopakwa zinki kilishinda kwa sababu ya kawaida kabisa: kilipatikana kwa wingi na mashine zilizokuwapo ziliweza kukichapa. Sheria ya kuruhusu mabadiliko hayo ilipita tarehe 18 Desemba 1942, na mnamo Februari 1943 senti za chuma zilianza kutoka.

Viwanda vitatu vilizichapa. Philadelphia ilitoa 684,628,670, Denver ikatoa 217,660,000, na San Francisco ikatoa 191,550,000, hivyo jumla ikawa zaidi ya bilioni moja na milioni tisini. Asiyekuwa na muda wa kusoma zaidi anaweza kuishia kwenye takwimu hiyo, kwa sababu inajibu nusu ya maswali yote yanayoulizwa kuhusu sarafu hii: kitu kilichotengenezwa kwa wingi wa namna hiyo hakiwezi kuwa adimu miaka themanini tu baadaye, hata kama rangi yake ni ngeni machoni. Kiwanda kilichochapa hutambulika kwa herufi ndogo chini ya mwaka. D ni Denver, S ni San Francisco, na pasipo na herufi ni Philadelphia. Denver nayo ina vipande ambavyo herufi yake iligongwa mara mbili, ya pili ikakaa kando kidogo ya ile ya kwanza, na mwenye lenzi anaweza kuona mguu wa herufi ya chini ukichomoza. Hivyo ni vya thamani zaidi, ila si vya kumfanya mtu aache kazi.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuutazama mwaka huo, kwa sababu shaba iliyogombewa na viwanda vya vita ilichimbwa pia Katanga. Kongo ya Wabelgiji ilibaki upande wa Washirika baada ya Ubelgiji kutekwa na Wajerumani, na shaba yake ikaelekezwa kwenye vita kwa gharama iliyowaangukia wachimbaji. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi wa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, waligoma kudai nyongeza ya mishahara na wakapigwa risasi na askari. Kuna jambo moja la kushangaza ambalo wakusanyaji wa sarafu za Marekani hulipita bila kulitazama: mwaka huohuo wa 1943, kiwanda cha Philadelphia kilichokuwa kikiwanyima Wamarekani senti ya shaba kilichapa kwa ajili ya Kongo sarafu ya faranga 2, yenye pembe sita na picha ya tembo, kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Mtu akiziweka mbili hizo kando kwa kando, ile ya kijivu na ile ya manjano, atakuwa ameshika vita vile vile kutoka pande mbili, na kwa maoni yangu huo ni mkusanyiko wa maana kuliko albamu iliyojaa vipande visivyohusiana.

Senti ya chuma haikupendwa. Ilipokuwa mpya iling'aa kama fedha, na kwa kuwa ilikuwa na kipenyo cha milimita 19 hivi dhidi ya milimita 17.9 za sarafu ya senti 10, watu walizichanganya wakati wa kulipa na kurudishiwa chenji. Mashine nyingi za kuuzia bidhaa zilikuwa na sumaku ya kunasa vipande bandia vya chuma, nazo zikaikataa fedha halali ya serikali kana kwamba ni vya tapeli. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa katika utengenezaji wenyewe. Mabamba ya chuma yalipakwa zinki kwanza, na baadaye ndipo visahani vya duara vilipokatwa kutoka kwenye mabamba hayo. Kwa hiyo nyuso mbili zilikuwa na ulinzi wa zinki, lakini ukingo mzima ulibaki chuma kitupu. Jasho la mkono na unyevu wa mfukoni vilitosha kuanzisha kutu hapo. Zinki nayo, ikikaa hewani, hupoteza mng'ao na kuwa na rangi ya majivu, hivyo katika muda mfupi sarafu iliyotoka kiwandani iking'aa ilionekana chafu na ya kizamani.

Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mpango huo haukuvuka mwaka. Kuanzia 1944 senti zilirudi kuwa asilimia 95 ya shaba, safari hii zikiwa na zinki bila bati, na sehemu ya madini hayo ilitokana na maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Ndiyo maana wakusanyaji huziita senti za maganda ya risasi zile za miaka ya 1944 hadi 1946. Senti za chuma hazikufutwa kisheria. Zilipokuwa zikirudi benki, serikali ilizikusanya kimya kimya na kuziteketeza kwa mamilioni, jambo lililozifanya zipotee katika mikono ya watu bila kuzifanya zipotee katika makabati ya waliokuwa wameziweka.

Sasa tuje kwenye zile zenye bei kubwa, ambapo mkanganyiko wote unazaliwa. Visahani vya shaba vilivyobaki mwishoni mwa 1942 havikuondolewa vyote kiwandani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vichache vilinasa kwenye pembe na milango ya vyombo vya kubebea visahani, vikachomoka baadaye vilipojazwa vya chuma, vikapita chini ya mihuri ya 1943 na kutoka pamoja na wenzao. Zinazojulikana kwa uhakika kutoka viwanda vyote vitatu hazifiki 40. Ile ya Denver inajulikana moja tu, na wapo wanaoshuku kwamba haikuwa ajali, bali mtu fulani ndani ya kiwanda aliichapa kwa makusudi. Iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7, kisha mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola 840,000. Wanaopenda kutaja bei ya kwanza huisahau ya pili, ingawa ya pili ndiyo yenye funzo kwa anayedhani kwamba sarafu adimu hupanda bei daima.

Nyingine ilipatikana mwaka 1947 na kijana wa miaka 16 katika mji wa Pittsfield, Massachusetts, ndani ya chenji aliyopewa kwenye kantini ya shule. Wakati huo ulikuwapo uvumi kwamba Henry Ford angempa gari jipya yeyote atakayeleta senti ya shaba ya 1943. Kijana akauliza, akaambiwa si kweli. Alipouliza Wizara ya Fedha, akajibiwa kwamba senti zote za mwaka huo zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki. Aliitunza kwa miongo saba, na mwaka 2019 ikauzwa mnadani kwa dola 204,000. Kisa hiki kimefanya vizazi viwili vya Wamarekani wachungulie chenji zao, na kimewafanya matapeli wapate riziki.

Mwaka 1944 ajali ileile ilitokea kinyume chake: visahani vya chuma vilivyobaki vikachapwa kwa mihuri mipya, na hivyo senti ya chuma yenye mwaka 1944 ni adimu mno. Kwa upande wa Philadelphia kuna sababu ya ziada ambayo wataalamu huitaja. Ubelgiji ilipokombolewa ilihitaji fedha ndogo ndogo haraka, na kiwanda hicho kikaichapia sarafu milioni 25 za faranga 2 kwa kutumia visahani vilevile vya chuma vilivyokuwa vimebaki kutoka katika senti. Kwa kuwa kazi hizo mbili zilifanyika chini ya paa moja katika mwaka mmoja, si ajabu kwamba visahani vichache vilikosea njia. Faranga hizo za Kibelgiji bado zinapatikana kwa bei ndogo, na mwenye senti ya 1943 anapaswa kuwa nayo moja, kwani ni ndugu wa damu wa senti yake.

Jinsi ya kutambua kilicho halisi haihitaji utaalamu mkubwa, bali utaratibu. Hatua ya kwanza ni sumaku, hata ile ndogo ya mlango wa jokofu. Senti yenye rangi ya shaba na mwaka 1943 ikinaswa na sumaku, basi ni ya chuma iliyopakwa shaba juu, na idadi kubwa ya zinazoletwa kwa wataalamu ni za namna hiyo. Isiponaswa, safari haijaisha, kwa sababu wapo waliochukua senti ya kweli ya shaba ya mwaka 1948 na kukwangua upande wa kushoto wa namba 8 hadi ikafanana na 3. Hapa inafaa kutazama kwa lenzi: katika senti halisi za 1943, mkia wa namba 3 ni mrefu na hushuka chini kuliko namba 9 na 4 zilizo mbele yake, wakati namba 8 iliyochongwa haina mkia wa kushuka, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kuongeza madini mahali ambapo hayakuwapo bila kuacha alama. Kisha mizani: ya shaba iwe na gramu 3.11 au karibu nazo, ya chuma iwe na gramu 2.7 hivi. Iliyopita majaribio yote matatu ndiyo inayostahili kupelekwa kwa kampuni ya uthibitishaji, si kabla ya hapo, maana ada za uthibitishaji huzidi mara nyingi thamani ya senti ya kawaida ya chuma.

Mtego unaowakamata wanaoanza zaidi kuliko hizo za bandia ni zile zilizopakwa upya. Kwa miaka mingi kumekuwapo watu wanaochukua senti za chuma zilizochakaa na kuzipaka tena zinki au kromiamu, kisha wakaziuza kwa seti za tatu tatu ndani ya visanduku vya plastiki safi. Hawavunji sheria wanaposema wazi kwamba zimepakwa upya, lakini wengi wao hukaa kimya. Dalili yake iko ukingoni. Shika sarafu kwa ubavu chini ya taa na uizungushe taratibu: iliyo ya asili huonyesha mstari wa chuma chenye rangi nyeusi kidogo katikati ya ukingo, zinki ikiwa imeishia kwenye kona za juu na chini, ilhali iliyopakwa upya ina rangi moja kuanzia usoni hadi ukingoni. Tena mng'ao wake ni wa kioo na nywele za Lincoln huonekana zimefurika. Senti ya namna hiyo ni kumbukumbu tu, na mnunuzi asiilipie zaidi ya hivyo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo mambo ambayo mkusanyaji mzoefu anapaswa kumwambia mgeni siku ya kwanza. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kauli hiyo inafaa sana katika vyama vya wakusanyaji, ambavyo vingi vimejaa wazee wenye albamu nzito na hakuna wa kuzirithi. Chama cha Wakusanyaji Sarafu cha Marekani kilianzishwa mwaka 1891 na hadi leo kina programu za vijana, na katika maonyesho ya sarafu ya nchi hiyo ni kawaida kuona meza ambapo mtoto hupewa senti ya zamani bila malipo. Senti ya chuma ya 1943 hupendwa kwa zawadi hiyo: bei yake ni ndogo, rangi yake ni tofauti na ya senti alizowahi kuona mtoto huyo, na sumaku inampa jambo la kufanya kwa mikono yake kabla hajaombwa kusoma chochote. Mwenye hekima humpa mgeni sarafu, sumaku na lenzi, kisha humwacha aulize. Asiye na hekima huanza kumsomea madaraja ya kupimia hali ya sarafu, kutoka 1 hadi 70, au humcheka kwa kuuliza bei. Swali la bei si kosa. Ni mlango, na mtu akiingia kwa mlango huo akakuta habari ya bati la Malaya na mashine zinazokataa fedha, bei huenda ikaacha kuwa swali lake kuu.

Kuna maonyo mawili ya lazima. La kwanza ni kutoisafisha sarafu. Ndimu, siki, majivu na steelwire vinavyong'arisha masufuria jikoni vitaondoa zinki na kuacha chuma kikiwa uchi, na sarafu iliyoparuzwa hupoteza karibu thamani yote machoni pa mnunuzi anayejua. La pili linahusu hewa. Anayeishi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Maskati anaishi na chumvi na unyevunyevu mwaka mzima, navyo ni maadui wa chuma cha namna hii kuliko matumizi. Aiweke katika kikasha kigumu cha plastiki kisicho laini, kwa kuwa plastiki laini hutoa kemikali zinazoharibu madini, na ndani ya boksi aweke vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, akivibadilisha mara kwa mara. Kanuni ya kawaida husema sarafu ishikwe kwa ukingo ili uso usiguswe. Kwa senti hii kanuni hiyo ina upungufu, kwa kuwa ukingo ndio sehemu isiyo na kinga, hivyo vidole vikaushwe kwanza au vivalishwe glavu za pamba.

Anayetaka kuendelea baada ya senti tatu za viwanda vitatu hana haja ya kuruka kwenda kwenye minada. Ajipatie senti ya shaba ya 1944 ili aone chuma kilipoishia. Ajipatie pia sarafu ya senti 5 ya Marekani ya miaka ya vita, ambayo kwa kuiokoa nikeli iliwekewa asilimia 35 ya madini ya fedha, ikapewa herufi kubwa ya kiwanda juu ya jengo lililo nyuma yake. Kisha arudi nyumbani na kuzitafuta shilingi za Afrika Mashariki za wakati wa Mfalme George wa Sita, zenye simba na milima, ambazo wakati huo zilikuwa na robo ya fedha kabla ya kubadilishwa kuwa shaba na nikeli mwaka 1948. Kwa sababu ya vita baadhi ya sarafu zetu za 1942 na 1943 hazikuchapwa Uingereza, na ushahidi umo katika herufi zile ndogo ambazo wengi hawazitazami: I ni Bombay, SA ni Pretoria. Sarafu hizo bado zinapatikana katika makopo ya mabibi na kwa wauza vitu vya kale, na mwenye lenzi aliyojifunzia kwenye senti ya Lincoln atazisoma bila kufundishwa upya.